Tewa, Chewa na Maji Yaliyounguza

Vijana wangu, kila nilipovuka kutoka kazini na kukanyaga gati ya Amu, hakukosekana mtu wa kuniuliza: "Bi Salama, kwani wewe kule Ras Kitau hufanya kazi gani?" Nikijibu kwamba napanga data za viumbe wa baharini, naulizwa kama najua kuogelea. Nikisema nafanya kazi na maneno, naombwa nitoe shairi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini kwamba mimi huwaandikia samaki vyeti vya kuzaliwa. Sasa nimestaafu, na jibu la sentensi moja bado sijalipata. Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi hii nikiwa mtu aliyekaa nayo muda mrefu huku haimwelei vizuri, na akazoea.

Kituo chetu kilikuwa na watafiti wa kila namna. Walikuwapo wa kasa, wa mikoko, wa samaki, wa matumbawe, na baadaye wakaja watu wa afya waliokusanya habari za magonjwa kutoka zahanati za visiwani. Kila kundi lilikuwa na chumba chake, chai yake na mafaili yake. Mwanzo tuliandika kwenye kadi ngumu ambazo panya walizipenda kuliko sisi. Kisha zikaja kompyuta, tukadhani fujo imekwisha. Kumbe kompyuta haikuondoa fujo, iliipa mbio tu.

Chukueni neno mwani. Mtafiti mmoja aliandika mwani akiwa na maana ya ule unaolimwa kwa kamba na kuanikwa. Mwingine aliandika mwani kwa yale majani marefu yanayolala mchangani maji yakipwa, ambayo kwa hakika ni mimea yenye mizizi na maua. Wa tatu aliandika mwani kwa ule utelezi wa kijani unaokuangusha ukishuka ngazi za gati. Siku mkuu wa kituo alipotaka kujua kama mwani unaongezeka au unapungua, tulijumlisha vyote vitatu. Jibu likatoka safi, lina desimali, na halikuwa na maana yoyote.

Hapo ndipo alipoletwa Dakta Wairimu. Alikuwa mwanamke wa Nyeri, mrefu, mtaratibu wa kusema, anayeogopa boti hata akavuka kila siku kafumba macho akiimba nyimbo za kanisani kimoyomoyo. Alikuja na neno ontolojia. Mimi nilidhani ni jina la dawa. Bwana Kilonzo, fundi wetu wa kompyuta kutoka Machakos, alidhani ni ugonjwa wa meno, na aliniambia hivyo kwa uhakika kabisa.

Dakta alituketisha akatuuliza, "Mkichukua kitu chochote kilichomo humu kituoni, mnaweza kuniambia ni aina ya nini? Ni sehemu ya nini? Kinafanya nini na vitu vingine?"

Tukasema tunaweza. Tulikuwa bado hatujajaribu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kitu tunachokijua tukipe namba isiyo na maana yoyote, namba bubu tu. Chini ya namba hiyo tuandike maelezo ya kitu chenyewe kwa maneno yanayoeleweka, kisha tuyaning'inize majina yake yote, ya kitaalamu, ya Kiamu, ya Kitikuu, ya kila anayekiita. Halafu tuviunganishe vitu kwa mahusiano: hiki ni aina ya kile, hiki ni sehemu ya kile, hiki hula kile, hiki huishi pale. Mafaili ya vyumba vyote yakishafungwa kwenye namba hizo, mtu wa kasa na mtu wa zahanati wataweza kuzungumza hata kama kila mmoja ana lugha yake. Mashine nayo itaweza kufuata mahusiano hayo ikatoa jambo ambalo hakuna mtu aliyeliandika.

Ilitoa, tena mapema. Sisi tuliandika kwamba jicho ni aina ya samaki, tulipotaka kusema ni sehemu ya samaki. Samaki hutaga mayai. Asubuhi Kilonzo akaniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Mashine ilikuwa imeamua kwamba macho hutaga mayai.

"Bi Salama, hii ni kweli?" akaniuliza. Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nimechanganyikiwa, nilifikiri kidogo kabla ya kusema hapana.

Lishikeni hilo. Aina ya na sehemu ya si ndugu. Ukizichanganya, mashine haitakukosoa. Itakufuata kwa adabu mpaka shimoni.

Pono naye alitusumbua. Tulikuwa na pono wa kahawia na pono wa buluu, kila mmoja na namba yake, mpaka mtaalamu wa samaki akatuambia ni samaki yuleyule. Huanza maisha akiwa jike, rangi yake ya udongo, kisha wengine hugeuka dume wakawa buluu. Nilimuuliza Dakta, "Sasa huyu ni kitu kimoja au viwili?" Akakohoa, kama ilivyokuwa desturi yake akitafuta maneno. "Ni kitu kimoja katika hali mbili." Nikarudi nyumbani Shela nikamwangalia mume wangu muda mrefu, nikiwaza ana hali ngapi.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni harusi ya Ndau.

Mdogo wangu Khadija aliolewa Ndau zamani, na kule akawa mpishi wa shughuli. Hakuna harusi wala hitima iliyopita bila mkono wake. Bwana Omari, mtu mzima mwenye heshima kisiwani, alipomwoza mwanawe wa kiume, Khadija ndiye aliyeitwa. Pilau ya mbuzi ilikuwa ya watu wote. Kwa wageni wa heshima kulikuwa na tewa mkubwa, samaki mnene wa mwambani mwenye mdomo kama mfuko, aliyevuliwa upande wa nje wa kisiwa. Kichwa chake kilipikwa mchuzi wa nazi, kikawekwa mbele ya wakubwa.

Jua halijatua wakaanza kuugua. Walitapika, wakahara, midomo ikaingia ganzi. Hayo yangeweza kuitwa chakula kibovu, yakapita. Kilichowatisha ni maji. Bi Mwanaesha, mama wa bwana arusi, alitekewa maji ya mtungini anawe uso. Alipiga ukelele akaitupa kata, akasema ametiwa maji ya moto. Waliokuwapo wakayagusa. Yalikuwa baridi, baridi ya mtungi. Babu wa bi arusi, ambaye alipelekwa hospitali ya Amu akiwa hajiwezi, alilia kwamba upepo wa baharini unamchoma.

Nani aliyewahi kuona chakula kibovu kikayafanya maji baridi yaunguze? Ikasemwa ni sihiri. Na sihiri haikosi mwenyewe. Watu wakakumbuka kwamba Khadija alitamani bwana arusi yule amwoe binti yake. Wakakumbuka kwamba siku ile yeye hakula tewa. Ni kweli hakula. Wapishi wote nawajua mimi, hula ukoko wamesimama, nyumba ishakwisha kushiba.

Alikuja kwangu Shela na mkoba mmoja. Hakuwa akilia. Alikaa kwenye mkeka, akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Dada, watu hawaniitikii salamu. Nikipita ndiani wanawake hukusanya wana wao. Bi Mwanaesha asema nimemtilia moto mwilini. Mimi nilitia nazi, nikatia ndimu, nikatia bizari. Moto wa nini?"

"Shemeji asemaje?"

"Husema aniamini. Lakini hali nikipika." Kisha akasema jambo lililonitisha zaidi. "Dada, yawezekana mtu akaroga bila kuyua? Kwa sababu nilikuwa na uchungu kweli. Nilimtaka yule kijana kwa mwanangu. Yawezekana uchungu ukaingia chunguni?"

Nilimwambia haiwezekani. Lakini mimi mwenyewe sikuwa na maelezo ya maji yale.

Asubuhi nilimweleza Dakta Wairimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mara kwa mara kuhusu maji, kisha akasema anadhani aliwahi kusoma habari ya sumu ya samaki inayogeuza hisia za joto na baridi, lakini hakumbuki vizuri na hataki kusema kitu. Nikataka niketi mbele ya kompyuta papo hapo. Akanizuia.

"Bi Salama, pole, lakini wewe una upande. Utake usitake. Kilonzo atauliza mashine. Wewe kaa karibu, akihitaji kujua kitu atakuuliza."

Niliudhika. Nimekwisha kumsamehe, na nawaambia nyinyi mfanye vivyo hivyo siku jambo likiwagusa. Mtu mwenye hamu ya jibu hulipata kila mahali.

Kilonzo akaiuliza mashine: kuna watu waliougua ganzi ya mdomo baada ya kula chewa? Mashine ikajibu hakuna. Hakuna! Basi ni chakula cha mdogo wangu peke yake, katika visiwa vyote hivi.

Dakta akainua kidole. "Mashine haikusema hakuna duniani. Imesema haijaambiwa. Usichanganye hayo mawili."

Kilonzo aliendelea kutembeza macho kwenye maandishi ya zahanati, yale ya asili, yaliyoandikwa na wauguzi kwa maneno ya wagonjwa. Mara akageuza kiti.

"Bi Salama, tewa ni nini?"

Nikamcheka kwa kero. "Si samaki huyo huyo unayemuuliza. Chewa. Sisi Waamu twasema tewa. Kama nti na nchi, ndia na njia."

"Sasa mbona humu ndani wako wawili?"

Nikakaribia. Kweli walikuwa wawili. Chewa alikuwa na namba yake, na picha, na chakula chake, na makazi yake. Tewa alikuwa amesimama peke yake kama mgeni asiye na mwenyeji, hana uhusiano na chochote. Data za zahanati ziliingizwa na watu wengine, lakini neno lile nilikuwa nalipita kila siku. Sikio langu lilisikia chewa na tewa kuwa neno moja, kwa hiyo halikunishtua. Kilonzo, aliyekuwa akiita kila kitu chenye magamba samaki tu, ndiye aliyehitaji kuuliza. Tangu siku ile nilimwomba awe ananiuliza maswali ya kijinga kila alfajiri. Hakuniangusha.

Tulipowaunganisha, wagonjwa wakatokea. Hata hivyo walitokea kama kundi la watu wanaosema wote kwa pamoja. Mmoja ameandikiwa ganzi. Mwingine homa. Mwingine "asema maji yamuunguza, labda malaria imempanda kichwani." Mwingine jini la moto. Je, hawa wote wana jambo moja? Kama ni moja, tuwafunge kwenye namba moja. Kama si moja, tutakuwa tumetengeneza ugonjwa kwa mikono yetu.

Hapo nilipotea kabisa. Nilikuwa natamani wote wawe kitu kimoja, kwa ajili ya Khadija, na kwa kuwa nilitamani hivyo sikuweza tena kuona kama ni kitu kimoja ama sivyo. Nilisoma "jini la moto" mpaka maneno yakaacha kuwa maneno. Dakta aliwaita watu wawili wasiojua habari ya harusi, muuguzi mmoja na kijana wa idara ya kasa, akawapa maandishi yale bila majina. Kila mmoja ayapange peke yake, asimtazame mwenziwe. Walipomaliza, mipango yao ilifanana mahali pengi na ikaachana mahali pengine. Yale waliyokubaliana tukayapa namba moja: kuhisi baridi kuwa moto. Waliyoachana tukayaacha pembeni, tukaandika haijulikani. Msione haya kuandika neno hilo. Nimewaona wataalamu wenye shahada tatu wakiliogopa kuliko papa.

Kisha Kilonzo akauliza tena, na safari hii mashine ikafuata mahusiano. Kulikuwa na watu wa Tchundwa, kijiji cha kisiwa kingine, walioungua na maji baridi, muda mrefu kabla ya harusi. Kulikuwa na wavuvi wa kambi moja upande wa kaskazini. Walikula tewa, na wengine mzia, yule samaki mrefu mwenye meno. Wavuvi walipotaja mahali, wengi walitaja mwamba uleule wa nje. Na kutoka kwa tewa mashine ikashuka: tewa hula samaki wadogo, wadogo hula utelezi unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa, na ndani ya utelezi ule huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo baadhi vina sumu. Vijimea hivyo viliwahi kuokotwa kwenye mwamba ule na mtafiti mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Aliviandika vizuri, akafunga faili, akaondoka.

Kilonzo alitazama kioo. "Haya mafaili matatu yamekaa nyumba moja miaka yote hii," akasema polepole, "na hayajawahi kusalimiana."

Dakta akatueleza, sasa akiwa amesoma. Sumu ile hupanda kutoka kinywa hadi kinywa. Samaki mdogo hubeba kidogo, mkubwa hukusanya ya wote aliowala, na hukaa zaidi kichwani na kwenye ini. Haina harufu, haina ladha, moto wa jikoni hauiui, ndimu haiiui. Niliuliza, "Basi ndiyo hiyo?" Akasema, "Mashine imetuonyesha mahali pa kutazama. Haijahukumu." Nilitamani kumtikisa.

Tulikwenda Ndau, Dakta kafumba macho njia nzima. Bwana Omari alitukaribisha barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa nje, wanawake ndani karibu na mlango, na Khadija alikaa nasi barazani, upande wangu, kajifunika mpaka kwenye paji. Dakta akaeleza. Nilitafsiri pale Kiswahili chake kilipokuwa cha bara mno. Mzee mmoja mvuvi akamkatiza.

"Dakta, mimi namla tewa wa mwamba ule tangu utotoni. Mbona sikufa?"

"Sijui, mzee. Huenda mwamba umebadilika. Matumbawe mengi yamekufa. Lakini sijui."

"Na mbona mwenye kula kidogo aliugua kuliko mwenye kula kingi?"

"Hilo pia sijui."

Nilifadhaika. Nilidhani ametuharibia. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo sauti ya Bi Mwanaesha ikatoka ndani, bado dhaifu kwa maradhi.

"Hao watu wa Tchundwa. Wao nao maji yaliwaunguza?"

"Ndiyo, mama," Dakta akajibu.

"Maji ya baridi?"

"Ya baridi."

"Na Khadija hakuwapikia?"

Kila mtu alijua kwamba Khadija hakanyagi Tchundwa. Kisha Bi Mwanaesha akasema neno moja.

"Siyui."

Tulipofika, kisiwa kizima kilikuwa kikijua. Kila mmoja alijua nani, na kwa nini, na kwa chuki gani. Sasa mmoja wa walioumizwa zaidi alikuwa amesema hajui. Khadija alinishika mkono chini ya buibui, akaubana hadi ukaniuma.

Msidhani yakaishia hapo yakawa mazuri. Khadija alikuwa ameanika vipande vya tewa juani kabla ya harusi, akavifanya ng'onda. Dakta akavichukua vikapimwe Mombasa. Jibu lilikawia, na lilipokuja likasema kipande kimoja kina sumu na kingine hakina. Nikampigia Khadija kwa furaha. Akaniuliza, "Kipi?" Nikamuuliza, "Kwani ni vya samaki wawili?" Akasema siku ile vilianikwa vya samaki wawili, yule wa harusi na mwingine, na hakumbuki kipi ni cha yupi. Kwa hiyo mpaka leo hatuna hakika kamili. Wavuvi walikubaliana wasiwauze tewa wakubwa wa mwamba ule, wala vichwa vyao visiliwe, na tangu wakati huo sijasikia mtu wa Ndau aliyeungua na maji. Nimesema sijasikia.

Likaja jambo jingine, na hili ndilo linalonitatiza zaidi kuliko yote. Khadija alikuja kituoni siku moja akataka aone. Nikamwonyesha maandishi ya zahanati kuhusu harusi. Kwenye nafasi ya sababu ya ugonjwa muuguzi alikuwa ameandika maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka: amerogwa na mpishi.

"Futa," akasema.

Kazi yetu ina mwiko: neno la asili halifutwi. Kama tungelifuta neno tewa kwa kulisahihisha liwe chewa siku lilipoandikwa, pengine lingepotea na mengine yaliyofuatana nalo. Neno la mtu hukaa, namba yako huwekwa kando yake. Nilimweleza Khadija hivyo.

"Dada," akasema, "lile ni jina la samaki. Hili ni mimi."

Nilikwenda kwa Dakta, naye akakohoa kwa muda mrefu kuliko siku zote. Mwisho tuliyaondoa maneno yale kwenye sababu tukayaweka mahali pa maelezo ya mgonjwa, tukaandika kwamba haya ni maneno yaliyosemwa na wala si jambo lililothibitishwa. Sababu ikaandikwa: inashukiwa sumu ya samaki. Kwa upande wa kazi, ilikuwa sahihi. Kinachosemwa na kilichopo ni vitu viwili, na ontolojia, mti wetu wa maana, isipoweza kuvitenganisha haifai hata kwa kuni.

Nikamweleza mdogo wangu kwa fahari kidogo. Alisikiliza akauliza, "Kwa hiyo bado nimo?"

"Umo kama neno lililosemwa tu."

"Nimo," akasema, akachukua mkoba wake akashuka gatini. Vijana, nyinyi mngefanyaje? Nawauliza kweli. Nimelala nalo na kuamka nalo, na siku nyingine nadhani tulifanya sawa, siku nyingine nadhani tulijificha nyuma ya usahihi.

Miezi ikapita. Watu waliitikia salamu za Khadija, lakini hakuna aliyemwita kupika. Shughuli zilipikwa na wengine, pilau ikatoka bokoboko, watu wakala wakanyamaza. Mpaka bi arusi yule akajifungua mtoto wa kiume, na Bwana Omari akaenda mwenyewe mlangoni kwa Khadija kumwomba apike akika, karamu ya kumkaribisha mtoto.

"Nipike nini?" Khadija akauliza.

"Mbuzi!" Bwana Omari akajibu haraka mno. "Ni sunna, mwanangu. Mbuzi!"

Khadija aliniambia alicheka mpaka akashika kizingiti, na Bwana Omari naye akacheka, mikono kiunoni, kwa aibu.

Nilikwenda Ndau kwa akika ile. Nilimkuta jikoni katikati ya moshi, kanga kaikaza kiunoni, anaamrisha wasichana kama zamani. Lakini chakula kilipopakuliwa na sinia la wanawake wakubwa likawekwa, alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikuja na sahani ndogo, akasimama mbele yao, akachota wali na nyama katika sinia lao. Alitaka ale kwanza, wamwone. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wanawake wote waliinamisha macho, na mimi nilitamani sakafu inimeze, maana sikujua kama nimzuie au nimwache.

Bi Mwanaesha aliinuka kwa taabu, magoti yake hayakuwa yamepona sawasawa. Akaichukua ile sahani mkononi mwa Khadija, akaiweka chini.

"Mpishi hali mbele ya wageni," akasema. "Hiyo si desturi yetu."

Akaketi, akatia mkono katika sinia, akasema bismillahi, akala.